Saba Hayupo

Fomu ya wilaya ina kisanduku kimoja tu:
Wastani wa kitengo cha mahitaji maalumu.
Nimekaa kibarazani kwangu, Oli, mjini Arua,
mabati bado yanadondosha mvua ya mchana ndani ya sufuria.
Watoto tisa. Jaribio la hesabu, alama ishirini.
Sufuri, tatu, tano, sita, sita,
nane, nane, tisa, kumi na nane.
Jumla sitini na tatu. Gawanya kwa tisa.
Saba.

Saba ni nani?
Nimemtafuta dawati kwa dawati.
Avako ana sita, na mashine yake ya breli
haigongi nukta ya nne tangu Pasaka:
tatu yake husomeka moja, nne yake husomeka tano.
Econi ana nane, kalamu imefungwa kiganjani kwa mpira wa baiskeli,
na muda ulimwishia katikati ya tarakimu.
Saba hayupo.
Hata siku ya mahudhurio kamili, hayupo.

Chuoni tulifundishwa kupima umbali wa kila mtoto na wastani wake.
Waliopungukiwa, waliozidi; ukijumlisha
wanafutana, sufuri safi,
kana kwamba hakuna aliyeachwa nyuma.
Ndiyo maana tofauti huzidishwa kwa zenyewe,
ili upungufu usipate pa kujificha.
Nimezidisha. Wastani wake ishirini na mbili, kipeuo nne na ushei.
Huo ndio mkengeuko. Fomu haiuulizi.

Sufuri ni ya Ezaru.
Ezaru hasikii; husoma midomo.
Na maswali niliyasoma mimi,
uso ubaoni, chaki mkononi,
mgongo wangu ukimwelekea.
Mgongo hauna midomo.

Kumi na nane ni ya Candia,
mwaka wa tatu darasa lilelile, karatasi ileile.
Anajua swali la tano kabla sijafungua kinywa.
Kila mwaka kumi na nane, haishuki, haipandi.
Mkaguzi angeliita jaribio thabiti.
Lakini hata mizani ya Drania, pale sokoni,
ni thabiti: kila kilo ya dagaa wa Panyimur
hupungua gramu mia mbili,
asubuhi, jioni, Ijumaa, sikukuu.
Haijawahi kukosea kukosea.

Na mimi nina mizani yangu. Usiku usingizi ukigoma
huandika hivi, kwa desturi ya marehemu baba:

Nimehesabu kalamu, na madawati chumbani,
Nimeuliza kwa zamu, kila mwana darasani,
Alama hizi ni tamu, ukiziweka foleni,
Aliyepima ni nani, kipimo kikawa sumu?

Nane kwa nane, vina vimeshikana.
Nimeuhesabu kwa vidole, haukupungua hata silabi,
na ndipo nilipoutilia shaka.
Ubeti uliokaa sawa hivi, Ezaru angekaa wapi?

Leo nimempa jaribio upya.
Maswali yaleyale, kwa mikono, uso kwa uso,
chini ya dirisha penye mwanga.
Embe hatukuchora; tumeweka mawe halisi mezani.
Amepata tisa.
Si ajabu, si muujiza. Tisa.
Kutoa kwa kuazima bado hajui,
na sasa najua kwamba hajui.
Jana sikujua chochote, nikakiandika kwa wino mwekundu.

Jumla sabini na mbili. Wastani nane.
Wilaya itaona tumepanda alama moja.

Alipomaliza alinitazama, akayakusanya mawe,
akaniuliza kwa vidole, polepole,
jinsi mtu anavyomwambia mgeni:
Jibu unalijua. Mbona unaniuliza?

Nimejaza nane kisandukuni.
Nimeigeuza fomu. Nyuma ni tupu, hakuna mistari.
Ninaanza na Avako:
nukta ya nne.